Matone ya Baada ya Chakula

Shemeji yangu akisema geti limelala, limelala. Usimletee pimamaji, usimletee kamba, usimletee mtu wa kubisha. Anarudi nyuma kidogo, anafumba jicho la kushoto, anakunja midomo kama mtu aliyeonja ndimu, halafu anatamka, "Upande wa bawaba umeshuka." Wenzake hukimbilia pimamaji ili wamuumbue, na pimamaji nayo inamuunga mkono. Hapo huangua kicheko mpaka mimi niliye chumba cha pili nakosea mshono. Nilishamwambia mara nyingi kwamba majisifu yake yananiharibia mapazia ya watu.

Watu wanamwita Komeo, na jina hilo alilichuma kwa jasho, maana makomeo yake hufunga kwa kidole kimoja wakati ya mafundi wengine yanataka teke. Mke wake ni dada yangu, mkubwa wangu kwa tumbo moja. Komeo anatengeneza mageti na vyuma vya madirisha; mimi nashona mapazia ya madirisha hayohayo katika chumba kilichopakana na karakana yake. Tumekula sufuria moja miaka mingi na utani wetu hauna mpaka. Nimeshamwita kila jina na yeye ameshanitafutia wachumba wa kila aina, wengine vibogoyo. Kwa hiyo nikisema mwaka huu kuna siku nilimchukia, mjue ni chuki ya mtu wa nyumbani.

Kazi ya kuchomelea vyuma ina tabia mbaya moja. Rodi ikigusa chuma mwanga unaruka mkali, na fundi anatakiwa awe amevaa kinyago chenye kioo cheusi. Kinyago kipo, kinaning'inia msumarini. Lakini kabla ya kuchomelea sawasawa, vyuma lazima vishikizwe kwanza, doti hapa, doti pale, na kwa doti moja nani atavaa kinyago, akivue apime, akivae tena? Wanafumba macho tu au wanageuza shingo, mkono unajua wenyewe pa kwenda. Mchana kutwa ni doti. Jioni fundi anarudi nyumbani anacheka na watoto, kisha akilala ndipo macho yanajaa mchanga na machozi yanamtiririka kama aliyefiwa. Dada yangu alikuwa anakata viazi vibichi vipande vipande, anamlaza mumewe chali na kumwekea juu ya kope. Amekata viazi vingi sana katika ndoa hii.

Chupa ya matone iliingia nyumbani kihalali. Siku moja Komeo alikuwa anasaga ncha ya nondo kwa grenda, kipande cha chuma kikaruka kikanasa katika jicho lake la kushoto. Dada alimkokota mpaka hospitali ya macho. Wakakitoa, wakampa matone katika chupa ndogo nyeupe yenye kifuniko cha rangi ya waridi, wakamwambia atumie wiki moja kisha arudi aonwe. Matone yale yalifanya kazi, siwezi kuyasingizia. Wekundu uliisha kabla hata ya wiki kuisha, na si wekundu wa kile kipande tu. Hata mchanga wa doti ukapungua makali. Sasa arudi hospitali kufanya nini, na jicho limeshapona? Chupa ilipoisha akaitia mfukoni ikiwa tupu.

Lazima niseme sisi tunanunuaje dawa, vinginevyo mtamwona Komeo ni mjinga, na mjinga si yeye. Kwetu sisi dawa haina jina, ina sura. Ukimuuliza mtu anatumia nini atakwambia vile vya njano, au ile ya maji ya kijani inayowasha koo. Ndiyo maana mtu makini hatupi chupa wala ganda la vidonge. Analihifadhi kabatini, na siku ya haja analiweka juu ya kaunta ya duka la dawa na kusema, "Nipe kama hii." Komeo alifanya hivyo hivyo. Dada wa duka la dawa aliitazama chupa, akageukia rafu, akampa ya pili. Siku moja tu aliwahi kumuuliza kama ana cheti cha daktari, na Komeo akainyanyua ile chupa tupu, "Si hiki hapa?" Wakacheka wote wawili. Alinisimulia mwenyewe akiwa bado anacheka, na mimi nikacheka naye.

Basi chupa ikahamia mfuko wa shati, na polepole ikawa ya karakana nzima. Baada ya chakula cha mchana mafundi walikuwa wanakaa kwenye benchi refu, migongo ukutani, vichwa nyuma, vinywa wazi, na Komeo anapita mmoja baada ya mwingine. "Fungua! Usipepese! Wewe unapepesa kama bibi harusi!" Mkono wake ulikuwa mwepesi. Ncha ya chupa iligusa kope za huyu ikaenda kugusa za yule, na hakuna aliyejali. Alikuwepo Mpaka Rangi, ambaye macho yake yalikuwa yanateketea kwa mvuke wa rangi na tina ya kuyeyushia rangi. Huyo alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuinuka. Majirani nao wakaanza kuja. Komeo hakumtoza mtu kitu. Mtu aliyezoea kuitwa alaumiwe kwa geti kuchelewa, sasa anaitwa ashukuriwe, na ilimwingia. Mimi sikuwahi kutiwa hata tone moja, na msinipe sifa ya akili. Siwezi tu kuona kitu kinakuja jichoni mwangu nikakaa kimya, nitamuuma mtu.

Na alikuwepo binti yao, yuko darasa la sita. Vumbi likizidi macho yake huwasha, anayasugua mpaka yanakuwa mekundu, na shuleni walishaanza kumcheka. Kila asubuhi kabla hajavaa viatu baba yake alimwita, "Mama, njoo kwa daktari wako." Binti anasimama katikati ya miguu ya baba yake, anainua uso, Komeo anamshika kidevu kwa kidole chenye kovu la moto na kumdondoshea tone kila jicho. Halafu anampulizia kwenye paji la uso, wanacheka. Niliwaona mara nyingi nikipita na chai yangu. Yalikuwa mapenzi, na mpaka leo sina neno lingine la kuyaita.

Macho ya nyumba ile yakawa meupe pe. Dada aliacha kukata viazi, akawa anaisifia chupa kuliko anavyomsifia mumewe.

Sijui ilianza lini. Nilichokiona kwanza ni kwamba shemeji ameacha kuitikia salamu za watu wengine. Ukimsalimu kutoka huku anaitika, ukimsalimu kutoka kule anakupita kama nguzo. Nikamwambia, "Shemeji, siku hizi unaringa. Au kuna mtu amekusifia?" Akanijibu kwamba anawaitikia wazuri tu. Kisha akaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango wa karakana, fremu aliyoitengeneza kwa mikono yake. Kisha likaja birika. Dada aliliweka mezani karibu na kiwiko chake na yeye akalipiga likamwagika lote, akamkaripia dada kwa nini anatega vitu. Baiskeli akaiacha, akasema mnyororo umechoka. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilitutosha.

Kilichotugutusha ni geti la mwalimu mstaafu. Lilikuwa limefungwa nyumbani kwake siku chache tu, mkewe akalisukuma akiwa na beseni la nguo, bawaba ya chini ikaachia na geti zima likalala chini kwa kishindo. Lilimkosa yule mama kidogo sana. Mwalimu alilileta karakana juu ya mkokoteni, na hakupiga kelele. Alisema tu, "Fundi, huku mbona hujachomelea?"

Komeo akainama. Kila mtu aliyesimama pale aliona: upande wa kulia wa bawaba umechomelewa vizuri, umesafishwa, unang'aa, na upande wa kushoto kuna doti mbili tupu. Yeye alikuwa anageuza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje. Mwishowe akapeleka kidole, akapapasa. Kile ambacho mimi, mshonaji mapazia, nilikuwa nakiona nikiwa mlangoni, yeye alikitafuta kwa kidole. Mpaka Rangi alianza kucheka, akaona uso wangu, akanyamaza.

"Umeme ulikuwa mdogo siku ile," Komeo akasema.

Mkononi nilikuwa na kipande cha pazia jekundu. Nikasogea nikasimama kushoto kwake, karibu kabisa, nikakipunga kile kitambaa usawa wa sikio lake. Aliendelea kumweleza mwalimu habari za umeme. Nikakipunga tena mpaka kikamgusa nywele, ndipo akageuza uso mzima, akashtuka.

"Ah, shemeji. Kumbe upo?"

Nilikuwepo pale karakana tangu geti lishushwe.

Kumpeleka hospitali ilikuwa vita. Alisema ni uchovu, alisema ni umri, alisema mimi ninamtakia mabaya kwa sababu ya wale vibogoyo. Dada hakuunga mkono upande wowote. Siku ya kwenda alijifanya ana kazi nyingi, na nilipombana jikoni akaniambia ukweli, "Nenda naye wewe. Mimi nikisikia kitu kibaya mbele yake nitaanguka, na itabidi anibebe." Basi nikaenda mimi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, mtu asiye na haraka. Alimwekea Komeo kidevu kwenye mashine, akampima presha ya jicho, akampima tena kana kwamba haiamini mashine. Halafu akamwingiza kwenye chumba cha nusu giza, akampa kitufe. Kazi yenyewe ni kutazama katikati tu. Vinyota vinawaka huku na huku pembeni, na ukikiona kimoja unabonyeza. Mimi nilikuwa nje, nasikia. Alibonyeza mara chache sana. Nilidhani labda mashine iko taratibu.

Tuliporudi mezani kwake daktari aliuliza, "Unatumia dawa gani ya macho?"

Komeo akaingiza mkono mfukoni, akaitoa chupa, akaiweka mezani kwa heshima zote. "Hii, daktari. Hii imenisaidia sana. Niliipata hapahapa."

Daktari aliishika, akaizungusha. Kisha akauliza ameitumia kwa muda gani, na Komeo akajibu, bado kwa majivuno kidogo, kwamba ni miaka sasa.

"Miaka," daktari akasema. "Sikiliza baba. Dawa hii si mbaya. Hata leo asubuhi nimemwandikia mtu. Lakini ni ya siku chache, na anayeitumia lazima tumpime. Inaondoa wekundu, inatuliza maumivu, kwa hiyo mtu anajiona amepona. Ikikaa muda mrefu, presha ya ndani ya jicho inapanda. Haiumi. Jicho linabaki jeupe. Ila kule nyuma kuna mshipa unaopeleka ubongoni kile unachokiona, na ule mshipa unakufa kidogo kidogo, kuanzia pembeni."

"Sasa mtanipa dawa gani nuru yangu irudi?"

"Nitakupa ya kushusha presha, na utaitumia maisha yako yote. Hiyo ni ya kulinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi."

Alimchorea. Jicho la kulia limeliwa kingo. Jicho la kushoto, lile lililopigwa na chuma, ambalo siku zote alilizidishia tone, limebakiwa na kitundu kidogo tu cha kuonea katikati. Akamuuliza kama hakuwahi kugundua. Nikajibu mimi kimoyomoyo. Atagunduaje, na hilo ndilo jicho analolifumba kila akipima geti? Lile alilolitegemea lilikuwa likimwambia ukweli, na hili jingine hakuwahi kuliuliza.

Kisha daktari akauliza, "Kuna mtu mwingine anayetumia chupa hii?"

Nilimgeukia shemeji. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, vidole vimekakamaa.

"Hapana," akasema. "Mimi tu."

Nilidhani hajasikia vizuri. Nikasema, "Shemeji."

"Mimi tu, daktari."

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, hata hawezi kuniona, na nikaona kabisa kwamba anafurahi kutoniona. Nikasema, "Na binti yake. Wa darasa la sita. Kila asubuhi."

"Nyamaza!" Alipiga meza, chupa ikaanguka. Miaka yote ya utani wetu hakuwahi kunipandishia sauti. Daktari aliiokota chupa taratibu, akaiweka mbele ya Komeo, akamtazama yeye, hakunitazama mimi. "Watoto presha yao hupanda upesi kuliko ya watu wazima," akasema. "Asitiwe tena hata tone. Mlete kesho."

Tukatoka nje, barabarani. Nilikuwa namshika mkono avuke na wakati huohuo natamani kumwachia. Ndipo nilipomchukia, siku ile, kwenye ile barabara. Hatimaye akasema, "Ningesema. Nilitaka nimwambie mama yake kwanza."

"Ungesema lini?" nikamjibu. "Akishaanza na yeye kugonga milango?"

Akaketi pale pale kwenye ukingo wa barabara, watu wakimpita, akaufunika uso kwa viganja na kulia kwa sauti. "Nilimtia mimi," alikuwa anasema. "Kwa mkono wangu. Alikuwa ananiinulia uso mwenyewe." Nikakaa karibu naye. Hasira haikuisha, lakini nilikaa.

Dada alipoambiwa hakuanguka. Alisema, "Lakini macho yake si meupe?" Akamwita binti, akamgeuzia dirishani, akamvuta kope za juu na za chini, akatafuta ugonjwa pale ambapo sisi sote tumezoea kuutafuta. "Tazameni wenyewe. Haya yana nini? Haya ni meupe kuliko yangu." Komeo alijaribu kumweleza maneno ya daktari, yakamtoka nusu nusu, na dada akazidi kupandisha sauti kwamba macho ni meupe, ni meupe, mpaka akajisikia mwenyewe na kuacha. Binti alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Aliambiwa tu kwamba kesho hataenda shule, na akafurahi.

Jioni ile mimi nilienda duka la dawa nikamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Sitayaandika, mengine si ya kuandikwa. Dada wa duka aliyasikiliza. "Alikuja na chupa, dada," akasema. "Kila mtu anakuja na chupa. Nikikataa anakwenda duka la pili." Akavuta boksi kutoka chini ya kaunta, limejaa chupa tupu, vifuniko, maganda ya vidonge, yale ambayo watu huyaacha wakishapewa mengine. Niliyatazama. Mengine niliyafahamu kwa sura.

Kesho yake miadi ya binti ilikuwa alasiri, na asubuhi Komeo alikwenda karakana kama kawaida. Nilidhani anakimbia. Baada ya chakula mafundi wakakaa kwenye benchi, vichwa nyuma, vinywa wazi. Nilisimamisha cherehani.

"Leo hakuna," Komeo akasema.

"Imekwisha?" Mpaka Rangi akauliza bila kuinua kichwa. "Tuchange basi. Usianze kutubania."

"Haijaisha. Inapofusha."

Wakacheka. Walidhani ndio mwanzo wa mzaha wake mmoja. Komeo akasubiri kicheko kiishe. Akasema, "Mpaka Rangi, simama. Njoo kushoto kwangu. Nyanyua mkono unizabe kofi."

"Una wazimu?"

"Nyanyua tu. Ukitaka kunizaba, nizabe. Mimi nitatazama mbele, uone kama nitakwepa."

Mpaka Rangi alisimama akitabasamu, akaenda upande ule, akanyanyua mkono wake wenye madoa ya rangi mpaka karibu na shavu. Komeo alikuwa anatazama mbele, ametulia tuli. Mkono ukapita usawa wa jicho. Ukarudi. Benchi zima wakawa wameinua vichwa.

"Bado hujanyanyua?" Komeo akauliza.

Mpaka Rangi aliushusha mkono polepole, na tabasamu lilishamtoka. "Na mimi," akasema. "Na mimi ulikuwa unanitia."

"Ndiyo."

"Kila siku, Komeo. Wakati mwingine ulinitia mara mbili, nikikuomba."

"Ndiyo. Nilikutia."

Akamshika shati kifuani, nikadhani sasa kofi litakuja kweli, na Komeo wala hakuinua mkono. Mafundi wakainuka kuwaachanisha lakini haikuhitajika. Mpaka Rangi alimwachia, akamfungulia kifungo cha mfuko, akaitoa chupa, akaenda kuitupa kwenye pipa la maji machafu. Kisha akaanza kupunga kidole chake mwenyewe kando ya uso wake, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Wengine nao wakaanza. Wanaume wazima wamesimama karakana wanajipungia vidole masikioni, na hakuna aliyecheka. Komeo aliwaambia hospitali ya macho iko wapi na mlango upi wa kuingilia, akawaomba waende wiki hiyohiyo, kisha akaniita mimi nimshike mkono.

Dada alikuja safari hii. Alikaa nje kwenye viti, ameufumbata mkoba wake. Binti alipopelekwa kwenye chumba cha nusu giza, Komeo aliomba aruhusiwe kukaa ndani, na daktari akamwonea huruma. Mimi nikaingia nikasimama nyuma yake. Binti aliweka kidevu, akapewa kitufe, akaambiwa atazame katikati tu.

Kitufe kikalia. Kikalia tena. Kisha kimya.

Shemeji alikuwa ameshawahi kukaa kwenye kile kiti. Alijua kwamba kimya kina maana mbili: ama kinyota bado hakijawaka, ama kimewaka na hakijaonekana. Sisi tuliokuwa nyuma hatukuwa na njia ya kujua ni kipi. Kitufe kilipolia alipumua. Kilipokawia alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma, na mimi sikumwambia aache. Ilikuja nafasi moja ndefu kuliko zote. Nilimsikia anasema kwa pumzi tu, "Bonyeza, mama. Bonyeza." Nilimwomba Mungu kwa maneno hayohayo. Kisha kikalia, na kikalia, na kikalia.

Daktari alituweka sote mezani. Presha ya binti imepanda, alisema, kila jicho. Mshipa wa nyuma bado mzima. Kwa kuwa amesitishiwa dawa mapema huenda presha ikashuka yenyewe, lakini hawezi kuahidi. Atampa dawa ya kusaidia, na atataka kumwona tena na tena, kwa muda mrefu. Kwa kuwashwa, kitambaa cha maji baridi kwanza, na dawa nyingine isiyo hii, kwa kipimo atakachoandika yeye. Dada aliuliza, "Kwa hiyo ataona?" Daktari akasema, "Leo anaona." Dada aliinamisha kichwa mezani akalia, safari hii bila sauti.

Tukatoka hadi ukumbini. Binti alitangulia, kisha akarudi mbio, amechangamka, maana mchezo wa vinyota ulimfurahisha na hakuna aliyemweleza kilichokuwa kinatafutwa. Alisimama kando ya baba yake, upande wa kushoto, akamwinulia uso. "Baba, umeniona nilivyobonyeza? Vingine vilikuwa vidogo sana lakini nimevikamata!"

Komeo alisikia sauti ikijirudia kwenye kuta za ukumbi, akanyoosha mkono kulia, akapapasa hewa. Akageuza kichwa, hakugeuza vya kutosha. "Yuko wapi?" akaniuliza. "Amekwenda wapi?"

Binti aliutazama mkono wa baba yake ulivyokuwa unamtafuta upande ambao hayupo, akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Nikaona anaanza kuelewa, na nilitamani nimzibe macho.

"Baba huoni?"

"Naona, mama," Komeo akasema. "Njoo tu mbele yangu. Simama hapa katikati. Usiende pembeni."

Akaja akasimama katikati.

"Hapo," akasema. "Hapo nakuona."